Mtoto wa Kijapani haongei Kiingereza, lakini ukimpa karatasi ya katuni anaandika. Kwa nini?

#1 Mkulima wa Theluji
Wakuu, salamu. Najua jukwaa hili lina walimu wengi, ndiyo maana nimeuleta uzi huu huku na si kule kwenye mapenzi.

Nipo Japani mwaka wa nne sasa, mkoa wa Niigata, upande wa theluji. Ni mwalimu msaidizi wa Kiingereza shule za msingi, wenyewe wanatuita ALT. Sikuja kwa mpango wa serikali. Niliajiriwa na kampuni inayokodisha walimu kwa halmashauri, kwa hiyo nazungushwa shule tatu kwa wiki kama mashine ya kusaga. Mwenye kipindi ni mwalimu wa darasa, mimi kazi yangu ni sauti.

Darasa la sita kuna binti mmoja. Mwaka mzima sijawahi kumsikia akitamka neno la Kiingereza. Ukimuuliza "How are you?" anaangalia meza mpaka mwenzake amjibie. Muhula wa pili mwalimu wa darasa akaja na wazo: kila mtoto atengeneze katuni ya vyumba vinne, ile wanayoiita yonkoma, kwa Kiingereza. Vipindi vinane. Wenzake walileta moja moja, yeye kaleta tatu. Paka anapigana na theluji ili awahi shule. Nimehesabu sentensi: kumi na tisa. Nyingine hatujawafundisha.

Nikafurahi kama mjinga. Nikamwambia aje mbele atusomee. Akaangalia meza.

Sasa naombeni akili zenu. Hapo kajifunza Kiingereza au kajifunza kuchora? Na ni kitu gani hasa kinachomfungua kwenye karatasi kikamfunga mdomoni? Mwalimu mkuu anataka kujua kama mwaka ujao tuurudie mradi huu.

#2 Popo Mweupe
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 Kocha Mstaafu
Umeshajijibu. Kajifunza kuchora. Vipindi vinane, na naapa nusu yake ilikuwa kupaka rangi manyoya ya paka. Wajapani wanaanza Kiingereza darasa la kwanza, wana vitabu vizuri, wana wazungu wa kukodi na sasa wana hadi Mtanzania wa kukodi, na bado mtu anamaliza chuo hawezi kukuelekeza stesheni. Halafu dawa iwe katuni?

Na hizo sentensi ambazo hamjafundisha, zimetoka wapi? Tableti hiyo. Kaandika Kijapani, mashine ikamtafsiria, akanakili.

#4 Mama Wawili Saitama
#3 kwanza rekebisha hapo. Si darasa la kwanza. Nina watoto wawili shule ya msingi ya serikali huku, najua ninachosema. Kabla ya 2011 haikuwa lazima kabisa. 2011 wakaanza kwa darasa la tano na la sita, kipindi kimoja kwa wiki, nyimbo na michezo, bila alama. Mtaala mpya ulipoanza 2020 ndipo michezo ikashushwa darasa la tatu na la nne, na la tano na la sita ikawa somo kamili lenye maksi, vipindi 70 kwa mwaka. Kuna shule zinazoanza mapema kwa utashi wao, lakini sheria ni darasa la tatu.

Kwa hiyo huyo binti wa mleta uzi ana vipindi vichache kuliko mtoto wa Bongo. Tusimchape kwa fimbo ya chuo kikuu.

La tableti sikatai. Tangu serikali yao igawe kifaa kimoja kwa kila mwanafunzi, mwanangu anaitafsiri hata homuweki ya sayansi.

#5 Kibendera
Mtanzania wa kukodi 😂😂 Kocha utaua watu.

Mkulima, bei kwa saa ni ngapi? Nina mjomba yuko tu nyumbani.

#6 Binti Makunduchi
Miye nasomesha skuli huku Unguja, wadogo. Tableti tunaisikia kwenye redio. Lakini huyo mtoto ninaye. Hamkosi kila darasa. Mdomoni hana neno, ukimpa chaki hamalizi.

Nnavyoona miye ni haya tu. Akisimama mbele, kosa ni lake. Akichora paka, kosa ni la paka. Nani atamcheka paka?

#7 Mkulima wa Theluji
Kocha, la tableti nilikuwa nalifikiria kabla yako. Nimerudi kwenye karatasi zake leo. Kuna sentensi inasema "My foots is cold." Nyingine: "Snow is eat my shoes!" Hakuna mashine duniani itakayokutafsiria hivyo. Hizo kazifinyanga mwenyewe kwa mkono wake.

Binti Makunduchi, hiyo ya paka imeniingia.

#8 Kocha Mstaafu
Mtoto mjanja anaweka kosa makusudi ili usimshuku. Nimefundisha miaka 31, usiniambie.

#9 Ngariba wa Lugha
Nimechelewa, ila hapa kuna mambo mawili yanachanganywa.

Alichosema dada #6, Stephen Krashen, mtaalamu wa kujifunza lugha, alikiita chujio la hisia: mtu mwenye woga, lugha haimwingii hata umwagie ndoo nzima. Kwa Krashen la msingi ni kusikia na kusoma kinachoeleweka, na picha inasaidia kueleweka. Lakini katuni ya Mkulima si ya kusoma, ni ya kutunga. Hapo yupo Merrill Swain wa Kanada, 1985. Aliwatazama watoto waliosomeshwa masomo kwa Kifaransa miaka na miaka. Wanasikia vizuri, wanaelewa vizuri, lakini wakiandika na kusema mapengo kibao. Akasema kusikia peke yake hakutoshi. Mtu akisukumwa atoe lugha ndipo anagongana na asichokijua.

"Snow is eat my shoes" ndiyo mgongano wenyewe. Alitaka kusema kitu cha kweli, hana umbo lake, akaunda. Kwenye "repeat after me" hatagongana na chochote mpaka anazeeka.

Kwa hiyo nadhani paka si kinyago tu. Paka alimpa jambo la kusema.

#10 Penseli HB
Nachora katuni hapa Dar miaka kumi na tano, mnaongea nadharia wakati ufundi mmeuacha nje unanyeshewa.

Mkulima, niambie: watoto wanaziweka wapi puto za maneno? Kijapani cha katuni kinasomwa kulia kwenda kushoto. Ndani ya fremu moja, anayesema kwanza anakaa kulia. Kiingereza ni kinyume. Na puto zao ni refu na nyembamba kwa sababu maandishi yao yanashuka wima. Ukisukumia humo "What do you want for lunch?" linakatika vipande sita.

#11 Mkulima wa Theluji
Penseli HB, wewe ulikuwa unachungulia dirishani kwangu?

Wiki ya kwanza nimekusanya karatasi 28. Karibu zote ukisoma Kizungu unapata hivi: "I'm fine, thank you." Halafu pembeni: "How are you?" Jibu linatangulia swali. Nilidhani wamekosea sarufi, nikaanza kurekebisha kwa kalamu nyekundu. Mwalimu wa darasa akanigusa bega, akanionyesha kwa kidole kutoka kulia. Yalikuwa mazungumzo safi kabisa.

Kinachotuokoa ni kwamba yonkoma inapangwa kutoka juu kwenda chini, chumba juu ya chumba, kwa hiyo mpangilio wa vyumba haugombani na lugha yoyote. Vita ni ndani ya chumba tu. Siku hizi tunaandika maneno KWANZA, ndipo tunazungushia puto. Tukianza na puto, Kiingereza kinateseka.

#12 Popo Mweupe
Kwani hizo yonkoma zina utaratibu gani? Vyumba vinne tu basi?

#13 JuaKali_Nakuru
Wacha nijibu hiyo. Nilisoma Hiroshima, tulikuwa tunaenda kujitolea kwa junior high moja (sekondari ya chini) hapo karibu. Yonkoma iko na mpango: ki, shō, ten, ketsu. Chumba cha kwanza unafungua, cha pili unaendeleza, cha tatu unageuza mambo, cha nne unafunga. Ilitoka kwa ushairi wa Kichina wa mistari minne. Wajapani wameimeza hadi insha za shule wanaziandika hivyo.

Hiyo ndio naona siri. Mtoto haulizwi "andika story." Anajua chumba cha tatu lazima kitu kigeuke, tangu akiwa mdogo anasoma hizo vitu kwa gazeti. Mpango ako nao tayari, ni maneno tu anatafuta. Ni kama kupewa nyumba na wewe unaleta viti.

#14 Binti Makunduchi
Mistari minne! Kumbe ni tarbia yetu. Mwanzo, mloto, mleo, kibwagizo. Nne kwa nne.

#15 Ngariba wa Lugha
Dada yangu, nne ni nne lakini mleo haugeuzi kitu. Mleo unaendeleza hoja iliyoanza kwenye mloto, na kibwagizo kinarudi kila ubeti kama wimbi. Kwao cha tatu ndicho cha kupindua meza. Ukimpa malenga wa Lamu ten atakuuliza vina viko wapi.

#16 Binti Makunduchi
Haya, nimekubali nusu. Ile nusu nyengine nitakujibu kwa shairi.

#17 Kibendera
Tayari uzi umeshaingia Lamu. Mods msifunge, acheni tu.

#18 Mama Wawili Saitama
Mwanangu wa kwanza, darasa la tano, naye walifanya mwaka jana. Nilichoona nyumbani ni tofauti na nadharia zenu zote. Alikaa jumapili nzima. Masaa matatu. Nikahesabu Kiingereza chake: sentensi tano, na mojawapo ilikuwa "Oh no!" mara mbili. Muda wote ulienda kwenye kuchora macho. Macho tu! Anafuta, anachora, anafuta.

Kwa hiyo Kocha #3 ana hoja. Huku sanaa ina kipindi chake, wanaita zukō, na kina maksi zake. Kama Kiingereza ni vipindi viwili kwa wiki, ukatoa vinane ukavipa katuni, umechukua mwezi mzima. Mwezi wa penseli za rangi.

#19 Kocha Mstaafu
Asante mama. Nyumba hii ina mtu mmoja mwenye akili.

#20 Penseli HB
Si kosa la katuni, ni kosa la aliyepanga. Mimi ningepiga marufuku rangi. Watu wa vijiti, duara kichwa, mistari minne mwili. Fremu ya sekunde kumi. Mchoraji mwenyewe ninayeishi kwa rasimu ndiye ninayesema: picha nzuri ni adui wa maneno.

#21 Mkulima wa Theluji
Tulijaribu watu wa vijiti darasa B. Walimaliza vipindi vinne tu. Lakini yule wa darasa A angeandika kumi na tisa kama tungemnyima paka wake? Sina jibu. Yeye anaanza na paka, maneno yanamfuata paka.

Jamani niwape moja la kucheka. Katuni zao haziishi sauti. Moyo ukidunda ni "doki doki," mbwa "wan wan." Hiyo rahisi. Tatizo ni kwamba wana sauti ya KIMYA. Chumba kina mtu kasimama, hakuna anayejibu, imeandikwa "shiiin." Mtoto akaniuliza Kiingereza chake ni nini. Nikakwama. Kiingereza hakina sauti ya kitu kisicho na sauti. Lakini sisi tunayo! Nyamaza jii. Nikamwandikia kwa fahari: JIIII.

Darasa zima likaanguka chini. Kumbe kwa Kijapani "jiii" ni sauti ya kumkodolea mtu macho. Katuni yake ya huzuni ikageuka mtu anakodolewa macho na ukuta.

#22 Popo Mweupe
Nimecheka mpaka bosi kaniuliza 😂

#23 Ngariba wa Lugha
Hiyo ni dhahabu mkuu. Tanakali za sauti ni mahali ambapo Kiswahili na Kijapani wanakaa baraza moja na Kiingereza kinapita nje. Giza totoro, jaa pomoni, lala fofofo. Wao wanazo kwa mamia, hata za vitu visivyo na sauti, kama hiyo ya kimya.

Na kuna lingine. Silabi zetu karibu zote zinaishia irabu, zao hali kadhalika, na irabu ni tano zilezile. Ndiyo maana neno la Kiingereza likija kwetu na kwao linavishwa nguo zinazofanana. Sisi shati, wao shatsu. Sisi soksi, wao sokkusu. Basi, basu. Mkulima anaelewa kwa nini mtoto wake anasema "miruku" kuliko Mmarekani atakavyoelewa kamwe.

#24 JuaKali_Nakuru
Na bado hamjagusa shida kubwa. Junior high niliona hii: picha inaficha makosa. Kijapani mara nyingi hakisemi "mimi" wala "yeye," msikilizaji anajua tu. Sasa mtoto anachora mtu, anaweka puto: "Like dog." Kwa picha inaeleweka kabisa! Mtu yuko hapo, ameshikilia mbwa. Mwalimu anacheka, anaweka sticker. Mwaka unaofuata kwa mtihani hakuna picha, mtoto anaandika "Like dog" na anakula sifuri. Katuni ilimfundisha kuegemea picha.

(Na bila s hiyo dog inakuwa ni nyama. Tuliambiwa hii joke kila wiki.)

#25 Binti Makunduchi
Kwani mtu akiegemea ukuta siku ya mwanzo wa kutembea kuna ubaya?

#26 JuaKali_Nakuru
Hakuna. Ila ukuta ukiisha mtu ajue.

#27 Ngariba wa Lugha
Nakazia #24, na hapo Mswahili ana bahati. Nafsi imebanwa ndani ya kitenzi, huwezi kuisahau nyumbani. Napenda. Hata ukilewa utasema na-.

#28 Kibendera
Hata ukilewa 😂

Swali la uchokozi: hao watoto si wanachora vibonzo maarufu vya TV? Hakimiliki vipi? Mkulima atakuja kukamatwa.

#29 Mama Wawili Saitama
Darasani ruksa. Kifungu cha 35 cha sheria yao ya hakimiliki kinaruhusu kutumia kazi ya mtu kwa ajili ya kipindi. Kuipachika kwenye tovuti ya shule dunia nzima ione ndipo shughuli inapoanza. Shule ya mwanangu walituma barua kwa wazazi: mhusika awe wa kubuni mwenyewe. Mimi nikaona ni heri, maana mtoto akichora kibonzo maarufu anakinakilia na maneno yake. Akibuni wake, maneno inabidi ayatafute.

#30 Penseli HB
Tukiwa kwenye katuni: Kyoto wana makumbusho ya manga, yamefunguliwa 2006 ndani ya jengo la iliyokuwa shule ya msingi. Rafu zimejaa vitabu, unachukua unaenda kusoma kwenye nyasi nje. Na chuo kimoja hapo hapo Kyoto kina kitivo kizima cha manga. Rais wake aliwahi kuwa Mnaijeria!

#31 Ngariba wa Lugha
Si Mnaijeria. Ni Oussouby Sacko, mtu wa Mali, msanifu majengo. Alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha Kyoto Seika kuanzia 2018 hadi 2022.

#32 Penseli HB
Mali, sawa. Afrika Magharibi ile ile. Nimepokea kofi.

#33 Mama Wawili Saitama
Mkulima, rudi kwenye binti. Umewahi kuwaza kamishibai? Ni hadithi ya picha kubwa ndani ya fremu ya mbao. Zamani mzee alikuwa anakuja na baiskeli mtaani, anauza pipi kisha anasimulia, mpaka televisheni ilipowaua. Picha inatazama watu, maneno yako mgongoni mwa kadi. Msomaji anakaa pembeni, macho ya watu yote yako kwenye picha. Shule nyingi wanayo maktaba. Mkuzie paka wake, umpe fremu.

#34 Kocha Mstaafu
Sasa tumetoka kuchora tumeingia sinema.

#35 Mkulima wa Theluji
Wakuu, mrejesho. Nimepotea wiki mbili, theluji ilikuwa kiunoni.

Fremu ya kamishibai ilikuwepo stoo, ina vumbi la miaka. Tukakuza katuni moja ya paka. Nikamweka binti nyuma ya fremu. Kimya. Shiiin, au jii, chagueni. Halafu akamnong'oneza rafiki yake. Rafiki akaanza kusoma, yeye akawa anavuta kadi. Rafiki akafika kwenye viatu, akasoma "Snow is eating my shoes," mwalimu alikuwa ameirekebisha kwa penseli. Nyuma ya fremu ikatoka sauti ndogo: "Is eat!"

Hayo ndiyo maneno yake mawili ya kwanza ya Kiingereza nimeyasikia. Na yamekosewa. Na anayatetea.

#36 Binti Makunduchi
Wallahi nimesisimka. Paka wake msimguse tena.

#37 Ngariba wa Lugha
Ila rekebisha hiyo "is eat" kabla haijaota mizizi. Swain hakusema umwache hapo.

#38 JuaKali_Nakuru
Ona sasa. Na ilitoka wakati picha iko mbele ya watu wote, si uso wake. Ukuta huo huo.

#39 Kocha Mstaafu
Maneno mawili kwa vipindi vinane. Robo neno kwa kipindi. Mimi nimemaliza.

#40 Mkulima wa Theluji
Kocha furahi basi: mwalimu mkuu kaamua. Mwaka ujao katuni ipo, vipindi vinne. Rangi marufuku. Hakuniuliza nadharia ya mtu yeyote, kaangalia ratiba.

#41 Penseli HB
Ada yangu ya ushauri wa rangi itume kwa simu.

#42 Popo Mweupe
Samahani, mimi nimekwama tangu posti ya kwanza. Yule paka aliwahi shule?

#43 Mkulima wa Theluji
Chumba cha nne kafika. Geti limefungwa, kuna karatasi imebandikwa: "No school today. Snow."